Kichangamshi hakiongezi kuni

Msimu wa korosho, nilikuwa naleta lori usiku kutoka Masasi kwenda bandarini Mtwara, safari ya kilomita 200 hivi. Nilishakunywa makopo matatu ya kinywaji cha kuongeza nguvu. Tulipopita Mingoyo, tairi la kushoto likashuka kwenye kokoto na utingo akapiga kelele: "Kaka, unalala!" Niliapa kwamba macho yangu yalikuwa wazi.

Shangazi yangu wa Lindi, muuguzi mstaafu, aliposikia alinipeleka jikoni. Akachochea moto, miali ikapanda. "Umewaka. Kuni zimeongezeka?" Nikasema hapana. "Basi mwanangu, ulichokunywa ni kichangamshi. Hukupata nguvu, ulifichwa uchovu."

Neno hili linatupoteza kwa sababu ya uzuri wake. Mtoto mchangamfu, harusi iliyochangamka, zote ni sifa. Kwenye lugha ya dawa, changamshi haisifu wala hailaumu. Inaeleza tu kitu kinachoamsha ubongo na neva: moyo unakwenda mbio, usingizi unarudi nyuma. Kahawa ya kijiweni ni changamshi. Mirungi, iliyopigwa marufuku nchini, ni changamshi, na kokeni pia. Pombe siyo, hata mnywaji akiimba mpaka alfajiri. Hiyo ni kipumbaza, maana inapunguza kasi ya ubongo.

Kadiri unavyokaa macho, ubongo unakusanya kemikali iitwayo adenosini, ambayo ndiyo hukuletea usingizi. Kafeini, iliyomo kwenye kahawa na kwenye makopo yale, huwahi kukaa kwenye kiti cha adenosini. Adenosini inasubiri mlangoni huku ikizidi kujaa, na kafeini ikiondoka, inaingia yote kwa pamoja. Nadhani ndiyo iliyonikuta Mingoyo.

Kwa hiyo ukisikia kitu kinaitwa changamshi, uliza: kinachangamsha nini, na kwa muda gani? Kwa mtu mzima, nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa tano hivi. Ukinywa saa kumi na mbili jioni, saa tano usiku nusu bado unayo. Soma kopo: mengi ya mililita 250 yana miligramu 80 hivi.

Siku hizi nikianza kupiga miayo naegesha penye watu na taa. Utingo analinda mzigo, nami nalala dakika 20. Korosho zinafika bandarini asubuhi ileile.