Anza na Sufuria Moja

Ukifika Ufaransa, wenzako watakutisha na sosi zenye majina marefu. Waachie wenye mikahawa. Majumbani, siku ya baridi, mara nyingi utakuta nyama ya ng'ombe na mboga kwenye sufuria moja: pot-au-feu, yaani sufuria motoni, basi.

Mimi mara ya kwanza niliiharibu. Nilinunua steki ya bei, nikaichochea moto kama napika ugali wa shughuli. Nyama ikakauka, supu ikawa kama maji ya kufulia. Mama mmoja jirani alifunua sufuria, akaangalia, akapunguza moto bila kusema neno. Somo lote lilikuwa hapo.

Usinunue steki. Muulize mwenye bucha paleron, nyama ya bega, na jarret, yaani muundi, pamoja na mfupa wenye uboho. Kwa watu sita, kilo moja na nusu inatosha. Anza na maji baridi. Yakipata moto povu litapanda. Litoe kwa upawa mpaka liishe, hata ukichoka. Kisha moto uwe mdogo, uone kiputo kimoja kimoja tu kikipanda, kwa saa 3. Kitunguu kimoja kichomeke karafuu mbili, na vijani vya thyme na laurier, yaani bay leaf, uvifunge kwa uzi. Karafuu ni mbili kweli. Usiingie na mkono wa pilau. Karoti, liki na tanipu ziingie saa ya mwisho. Viazi vichemshe pembeni, maana vinachafua supu.

Mezani supu hutangulia. Nyama hufuata, na chumvi ya mawe, haradali ya Dijon na vitango vidogo vya siki. Uboho uupake kwenye mkate uliochomwa ungali moto. Hapo usizungumze na mtu.

Lakini raha yenyewe mimi naiona kwenye kiporo. Kesho yake nyama ichambue, ikaange na kitunguu, ifunike kwa viazi vilivyopondwa na maziwa na siagi, kisha tia kwenye oveni mpaka juu pawe pa kahawia. Hiyo ndiyo hachis parmentier, jina la Antoine-Augustin Parmentier, mfamasia aliyelishwa viazi akiwa mateka wa vita huko Prussia, akarudi kuwahimiza Wafaransa wavile.

Nyama ikibaki tena, ikate vipande ingali baridi, uichanganye na vitunguu vibichi. Sosi yake ni vijiko 3 vya mafuta kwa kimoja cha siki, na haradali kidogo ili visiachane. Wala usinunue ya chupa, ni dakika moja tu!

Na ile supu usiimwage. Itie tambi nyembamba jioni unaporudi kazini. Inaiva kabla hujamaliza kuvua koti na viatu.