Muulize Bibi: Ayubu hakudaiwa sadaka

Shikamoo Bibi. Mimi ni mama wa watoto wanne, Mwanglikana, naishi kijijini wilaya ya Newala. Mume wangu alipata kiharusi mwezi wa tatu. Upande wa kulia haufanyi kazi na maneno hayatoki vizuri. Mikorosho tulipulizia nusu tu, iliyobaki imeliwa na ugonjwa wa ubwiriunga. Kuna mtu wa kangomba anataka kunipa hela sasa, nimlipe korosho msimu ukifika. Juzi kwenye kikundi cha maombi niliangua kilio nikasema Mungu ametuacha. Kiongozi akaniambia manung'uniko yangu ndiyo yanayomzuia mume wangu kupona, nipande mbegu ya gunia moja la korosho ili mlango ufunguke, na kwamba msalaba hubebwa kimya kimya. Je, nimetenda dhambi? Na hizo hela nizichukue?
Mama wa wanne, Newala

Marahaba mwanangu. Pole sana. Mpe pole na baba watoto, tena umwambie yeye mwenyewe, kwa sauti ya kawaida. Nimefanya uuguzi hadi nikastaafu: wengi waliopata kiharusi wanaelewa kila kinachosemwa chumbani, ulimi tu ndio umegoma.

Nianze na gunia. Usilitoe. Huyo kiongozi wako naona alisoma sura mbili za mwanzo za Ayubu, pale anaposema Bwana alitoa na Bwana ametwaa, akafunga Biblia. Angefungua sura ya tatu angemkuta Ayubu huyo huyo anailaani siku aliyozaliwa. Kuanzia hapo ni malalamiko sura kwa sura, mpaka anataka Mungu aje wajibizane. Waliokuwa na majibu safi ni rafiki zake: tubu, kuna jambo umelificha. Sasa soma sura ya 42, mstari wa 7 na wa 8. Hasira ya Mungu inawaka juu ya hao washauri, mlalamikaji anaachwa, na washauri ndio wanaoamriwa kupeleka mafahali saba na kondoo waume saba, kisha Ayubu awaombee. Ayubu mwenyewe hakudaiwa hata kuku.

Na msalaba kubebwa kimya, huo ni msalaba wa nani? Wa Yesu ulibebwa na Simoni Mkirene pia, na juu yake Bwana alilia kwa sauti kuu, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Basi ulichosema kwenye kikundi kilikwisha kusemwa Golgotha. Hujatenda dhambi. Usiku ukikosa maneno, soma Zaburi ya 88. Inaishia gizani, haina mstari wa shangwe, na Kanisa halijawahi kuiondoa.

Kanisa letu la kusini lenyewe lina machozi mengi. Misheni ya Masasi ilianza mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani, waliofika na Askofu Edward Steere. Mwaka 1882 Wamagwangwara, yaani Wangoni, wakavamia, watu wakauawa, wengine wakatekwa, na misheni ikahamia huko huko kwenu Newala. Mwaka 1905, vita vya Maji Maji, Masasi ikachomwa. Watu wale walikimbia, wakapokelewa na wengine, wakarudi wakajenga. Sijasikia mtu akihubiri kwamba kukimbia kwao kulikuwa ni upungufu wa imani.

Kangomba. Kwamba ni marufuku unajua, na mwenye shida marufuku haimlishi, kwa hiyo tuongee hesabu. Bei anapanga yeye, kipimo ni chake, na minada ikianza Oktoba, hata bei ikipanda, wewe umeshafungwa. Tena shamba lako limepuliziwa nusu. Ukivuna pungufu utamlipa nini? Ataanza kuitazama mikorosho yenyewe.

Kuna jambo hukuuliza ambalo mimi linanitia hofu zaidi. Malipo ya mnada huingia benki, kwenye akaunti ya aliyesajiliwa. Kama ni jina la mumeo, na mkono wake wa kulia hausaini, msimu utafika korosho zimeuzwa na hela huwezi kuzigusa. Usingoje Oktoba. Nenda kwa mtendaji wa kijiji upate barua, uwaone viongozi wa AMCOS, chama chenu cha ushirika cha wakulima, halafu benki ukaulize taratibu zao kwa mteja aliyepooza. Wajomba zake watakuwa na neno kuhusu shamba, kwa Wamakonde hilo halikwepeki. Waite wewe kabla hawajaja wenyewe, na siku hiyo padri au mzee wa kanisa awepo. Umoja wa akina mama nao waambie waziwazi unachokosa: unga, sabuni, mtu wa kulala hapo usiku. Wakija kuomba tu, waombe, kisha wape ndoo. Maji huko juu mnayajua taabu yake.

Mgonjwa mgeuze kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, ndiyo maana nasema upate wa kupokezana naye. Mlishe akiwa ameketi wima, kidogo kidogo. Ukiona ngozi ya makalio au mgongo imebadilika rangi, mpeleke hospitali kabla haijawa kidonda. Ukifika huko omba wakuoneshe mazoezi ya mkono na mguu, na dawa zake za presha zisikatike hata kama anaonekana nafuu.

Shikamoo Bibi. Nina presha, natumia dawa kila siku. Tulipoanza mfungo wa siku saba nikaziacha ili nimtegemee Mungu peke yake. Najisikia vizuri tu, ila mke wangu ananigombeza. Nani yuko sahihi?
Baba wa Nachingwea

Marahaba. Mkeo.

Presha haikuumi ndipo ujue imepanda, kwa hiyo kujisikia vizuri si ushahidi. Soma barua iliyotangulia uone mwisho wake unaweza kuwa nini. Timotheo alikuwa mtu wa Mungu na tumbo lilimsumbua. Paulo akamwandikia atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo na magonjwa yake, ipo 1 Timotheo 5:23. (Sikuagizi uraka, ile pombe ya mabibo, tafadhali.) Kesho asubuhi nenda kliniki wakupime, waeleze ukweli kwamba uliacha dawa na kwamba unafunga, wakupangie saa za kumeza. Usijiongezee dozi kufidia siku zilizopita. Kadi ya kliniki mpe mkeo aitunze.