Kani Zikilingana, kwa Nini Mwanaparachuti Hasimami Hewani?

Swali: Nimesoma kwamba mwanaparachuti hufikia hatua ambapo ukinzani wa hewa unalingana na uzito wake. Ikiwa kani hizo mbili ni sawa na zinaelekea pande tofauti, kwa nini hasimami palepale hewani? Na kwa nini katika video huonekana akirushwa juu parachuti inapofunguka?

Jibu: Wanafunzi wengi hukwama hapa kwa sababu mazoea ya kila siku yametuaminisha kwamba kitu hakiendi bila kusukumwa. Kanuni ya kwanza ya Newton, iliyochapishwa mwaka 1687, inasema vingine: kani zinapolingana, kinachokoma ni mabadiliko ya mwendo, si mwendo wenyewe. Kitu kilichokuwa kikienda huendelea kwenda kwa kasi ileile.

Tumchukue mtu ambaye tungamo lake pamoja na vifaa ni kilo 80. Dunia inamvuta kwa kani ya takriban Niutoni 800 (Niutoni ni kizio cha kupimia kani), na kani hiyo karibu haibadiliki tangu anapotoka mlangoni mwa ndege hadi anapotua. Kinachobadilika ni ukinzani wa hewa, ambao hufuata mraba wa kasi: kasi ikiongezeka maradufu, ukinzani huongezeka mara nne. Mwanzoni ukinzani huo ni mdogo mno, hivyo kila sekunde inamwongezea kasi ya karibu mita 10 kwa sekunde. Anapofikia mita 27 kwa sekunde, hewa inamsukuma juu kwa takriban Niutoni 200, na zilizobaki za kumharakisha ni 600 tu. Anapofikia mita 55 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 200 kwa saa akiwa amelala kifudifudi, ukinzani nao umefika 800. Kuanzia hapo kasi haiongezeki, wala haipungui, kwa kuwa hakuna kani iliyosalia ya kuipunguza.

Ili kasi ipungue, lazima ukinzani uzidi uzito, na hiyo ndiyo kazi ya parachuti. Inapotanda, eneo linalokabiliana na hewa linakuwa kubwa ghafla, na kani inayobaki inaelekea juu ilhali mwendo bado unaelekea chini. Tafadhali tenganisha mambo hayo mawili, kwa maana ndiko kosa linakoanzia. Katika video zile, mpiga picha naye anaanguka bila kufungua parachuti yake. Mwenzake anapopunguza kasi, yeye anampita, na kamera inamwonyesha kana kwamba amepaa.

Hata bila parachuti, ukinzani unaweza kuzidi uzito. Mwanaparachuti wa Austria, Felix Baumgartner, aliporuka kutoka kimo cha karibu kilomita 39 juu ya New Mexico, Marekani, tarehe 14 Oktoba 2012, hewa ya huko juu ilikuwa nyepesi mno hata akapita kilomita 1,350 kwa saa. Alipoingia katika hewa nzito zaidi, kasi yake ilianza kushuka muda mrefu kabla ya kufungua parachuti.

Mwanaparachuti wetu naye hafiki sifuri. Kasi inaposhuka, ukinzani nao hushuka, mpaka kani hizo zilingane tena kwa Niutoni 800, safari hii kwenye takriban mita 5 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya kutua ya mtu aliyeruka kutoka ukuta wenye kimo cha mita moja na robo, na ndiyo maana hufundishwa kukunja magoti kabla ya kugusa ardhi.