Jaribio likifeli, liseme limefeli wapi

Wadogo zangu mnaokuja kufanya mafunzo kwa vitendo hapa Mbeya, kuandika majaribio ya programu, yaani msimbo mfupi unaohakiki kama programu inatoa jibu sahihi, hakutawasumbua, chuoni mmeshaonja. Kinachowapita wengi ni ule ujumbe unaotoka jaribio likifeli. Unapoliandika una uhakika litapita, kwa hiyo ujumbe huujali. Atakayeujali ni mwenzako, miezi kadhaa baadaye, yuko kwenye daladala ya Uyole, simu mkononi, seva imemtumia taarifa kwamba kuna kitu kimeharibika, na kesho wakulima wanalipwa.

Tuchukue mfumo wa malipo wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa kule Mbozi. Tuseme mkulima kaleta kilo 312.5, bei ni shilingi 4,000 kwa kilo, na makato ni asilimia 3. Anatakiwa apokee 1,212,500. Anayeanza lugha ya Python na unittest, zana yake ya majaribio, huandika assertTrue(malipo == 1212500). Likifeli linamjibu: "False is not true". Haya, uongo si kweli, tumeelewa! Kosa liko wapi? Hakuna ajuaye mpaka mtu afungue kompyuta aanze kuchimba.

Weka assertEqual(malipo, 1212500) uone: 1250000 != 1212500. Tofauti ni 37,500, ambayo ni asilimia 3 kamili ya ile namba kubwa. Makato hayajakatwa. Mtu wa kwenye daladala kalijua kosa kabla hajafika Kabwe.

Hata hapo, unittest haikuambii namba ipi ndiyo uliyoitarajia. Ongeza maneno yako: "kilo 312.5, bei 4000, makato 3%: malipo yaliyotarajiwa ni ya kulia". Yataungwa mwishoni mwa ujumbe wa kawaida, hayaufuti. Kwa wanaotumia pytest, zana nyingine ya majaribio ya Python, neno assert peke yake linaonyesha thamani zenyewe, kwa hiyo msijichoshe kuzirudia. Andikeni kile ambacho mashine haiwezi kukijua, yaani hali iliyokuwa inajaribiwa. Na tafadhali, msiandike "hesabu si sahihi". Kama ingekuwa sahihi jaribio lingefeli kwa nini?

Wa Java, angalieni mpangilio. Katika JUnit, zana ya majaribio ya Java, assertEquals inataka kilichotarajiwa kwanza, kilichopatikana baadaye. Ukivigeuza, jaribio likipita huoni tofauti yoyote. Likifeli litadai lilitarajia 1,250,000, na mwenzako ataanza kurekebisha namba iliyo sahihi. Halafu JUnit 4 iliweka ujumbe wako mwanzoni, JUnit 5 ikauhamishia mwisho. Mnaponakili majaribio ya zamani yanayolinganisha maandishi, kompaila haitalalamika, kwa sababu yote matatu (ujumbe, kilichotarajiwa na kilichopatikana) ni maandishi tu.

Kuzungusha wakulima hamsini ndani ya jaribio moja ni tabia nyingine ya kuacha. Wa saba akifeli, jaribio linakatika hapohapo, hujui ni nani wala kama walio nyuma yake wako salama. Unittest ina subTest, pytest ina parametrize, za kumpima kila mmoja peke yake. Kila mkulima anasimama kwa jina lake.

Kabla ya kuniletea kazi niikague, haribu msimbo kwa makusudi. Ondoa mstari wa makato, endesha jaribio, usome kilichotoka bila kuangalia faili. Ukishindwa kutaja kosa, ujumbe bado. Rudisha mstari, andika upya. Ni kazi ya dakika chache, na kwa maoni yangu inafaa kuliko kuhangaikia asilimia ya msimbo uliofikiwa na majaribio. (Viongozi wanaipenda ile asilimia, wapeni, lakini hii msiiruke.)

Jambo la mwisho linahusu watu wenyewe. Ujumbe wa kufeli unabaki kwenye kumbukumbu za seva, na wanaozisoma ni wengi kuliko mnavyodhani. Msinakili daftari la wanachama mkaliweka kwenye majaribio, lenye majina na namba za simu. Mkulima A-017 anatosha, mradi kilo zake na bei yake vionekane.