Kwa mliofika Septemba: winta ya Glasgow na shifti za usiku

Novemba haijaisha na tayari mnaulizana koti gani ni zito zaidi. Wadogo zetu, koti moja linatosha. Mtu wa Njombe au Limuru baridi anaijua tangu utotoni, na bado Januari ya Glasgow, huku Uskoti, inamlaza chali. Kinachomwangusha ni giza. Kwetu jua halichezi mbali na saa kumi na mbili mwaka mzima, hata saa zetu tunazihesabu kwa kulifuata. Hapa tarehe 21 Desemba linachomoza saa tatu kasoro robo asubuhi, na ikifika saa kumi kasoro robo alasiri limeshazama. Mchana wa saa saba, tena wenye mawingu.

1. Shifti za usiku. Hapa tutakaa kidogo, maana kosa hili karibu sote tuliotangulia tumelifanya, tusijifanye watakatifu. Likizo ya Krismasi ikiingia, kile kikomo cha saa 20 kwa wiki kwenye viza ya mwanafunzi kwa kawaida kinalegezwa. Meneja wa nyumba ya wazee anatafuta watu kwa tochi, na ada ya Januari imekukodolea macho. Basi unajaza rota: usiku sita, pumziko moja, usiku sita tena. Kwa upande wa pesa, hesabu imekaa vizuri.

Sasa piga hesabu ya mwanga. Unatoka kazini saa mbili asubuhi, nje bado giza. Unangoja basi, unafika chumbani saa tatu, jua ndiyo kwanza linachungulia. Unavuta pazia, unalala. Unaamka saa kumi, limeshakwenda zake. Unapasha wali, unaoga, unarudi kubeba boksi. Wiki mbili hivyo, na macho yako hayajaona mchana. Wiki ya tatu unalala kwa muda wa saa kumi nzima na unaamka umechoka. Unasonga ugali wa watu wawili na kuumaliza peke yako. Kikombe cha chai cha juzi kimeota utando juu ya dawati na unakiona kila siku. Mama anapiga, unaitazama simu mpaka inakata, halafu unaandika "nilikuwa kazini mama". Wapo wanaojiita wavivu, wapo wanaoshuku jirani wa kijijini kwao. Hakuna aliyekuroga. Mwanga unaoingia machoni ndio unaouambia mwili kwamba kumekucha, na wewe umeufungia mlango. Norman Rosenthal, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani, aliieleza hali hii, huzuni inayokuja na giza la winta, kitaalamu na wenzake mwaka 1984. Msidhani ni visingizio vya wageni.

Dawa yake ni rota. Usikubali zaidi ya usiku tatu mfululizo, hata meneja akikubembeleza kwa biskuti. Ukifika chumbani lala papo hapo, acha kuperuzi simu mpaka saa tano. Weka kengele saa nane kasorobo, vaa, toka nje kwa dakika 30 kabla jua halijazama. Usiseme mawingu yamefunga: nje, hata siku ya mawingu, mara nyingi unapata lux (kipimo cha mwanga) elfu moja na zaidi, wakati balbu ya chumbani inakupa mia mbili tatu hivi.

2. Taa. Nunua iliyoandikwa lux 10,000, isiyotoa miale ya UV, kisha soma maandishi madogo: hizo 10,000 zimepimwa kwa umbali gani? Zile ndogo huwa ni sentimita 20 hadi 30 tu. Ukiiweka mbali mara mbili ya hapo, mwanga unashuka hadi kama robo, na hapo ndipo mnapoanza kusema taa ni utapeli. Iweke pembeni kidogo, juu ya usawa wa macho. Usiikodolee, kunywa chai, soma, ila usifumbe macho. Dakika 20 hadi 30, mara tu unapoamka, kila siku, kwa wiki mbili kabla hujatoa hukumu. Usiiwashe kabla ya kulala, maana utakesha ukihesabu dari. Mwenye ugonjwa wa macho, mwenye bipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka mno), au anayetumia dawa zinazofanya ngozi au macho kuchukia mwanga, amuulize daktari kwanza.

3. Vitamini D: maikrogramu 10 kwa siku, yaani IU 400, na sisi wenye ngozi nyeusi tunashauriwa tuzimeze mwaka mzima. Ukizidisha hupati furaha zaidi.

4. Chumba kisishuke chini ya nyuzi 18. Nguo mbichi usizianike juu ya hita madirisha yakiwa yamefungwa. Ukuta utaota ukungu, utakohoa mpaka Pasaka, kisha mwenye nyumba atakukata amana.

5. Kula na watu. Mara moja kwa wiki, siku ile ile, sufuria moja, watu wanne. Msisubiri mtu awe na hamu ya kutoka, kwa sababu hamu yenyewe ndiyo iliyougua, mpitieni mlangoni. Anayesema "nitakuja kesho" mara tatu mfululizo, huyo mpelekeeni pilau huko huko, na mmfungulie pazia.

6. Jiandikishe kwa GP, daktari wa mtaa wako, wiki hii ukiwa mzima, kwa sababu ukiugua hizo fomu hutazijaza. Huzuni ikipita wiki mbili, nenda ukamwambie hivyo hivyo, bila kupamba. Na ukianza kuona afadhali usingekuwepo, usingoje miadi: piga 116 123, Samaritans, shirika linalosikiliza walioelemewa, bure, usiku na mchana. Wakati wowote maisha yakiwa hatarini, 999.

7. Likizo ya kazini msiimalize Desemba, ambapo nauli ya kwenda nyumbani inauma kuliko baridi. Jua linaanza kuchelewa kuzama tangu katikati ya mwezi huo, na mwisho wa Januari linafika saa kumi na nusu na ushee, lakini mwili unakuwa bado unadai madeni ya nyuma. Wengi huanguka hapo, sherehe zimekwisha na mfuko umetoboka. Ombeni siku zenu za Februari sasa, kabla wenyeji hawajazichukua kwa ajili ya likizo za shule za watoto wao.