Ndege wa baharini hawajahama, chakula chao ndicho kimezama

Mkuu, umeuliza kwa nini mmeshinda nje ya Kizimkazi bila kuona kundi hata moja la ndege la kufuata, na kama kweli wamehama. Nimevua jodari upande huo tangu ujanani, acha nikueleze.

Makao yao ni Fungu Mbaraka, kile kisiwa kidogo kisicho na miti kusini mashariki mwa Unguja. Pale wanataga buabua wa aina kadhaa na wale ndege wakubwa weupe wenye uso mweusi. Yule buabua mwenye mgongo mweusi hakai majini, manyoya yake hulowa, kwa hiyo anadonoa juu juu tu. Anawategemea jodari na sehewa wawasukume dagaa hadi juu. Jodari wakizama, yeye hana chake, hata dagaa wakiwa tele pima chache chini.

Kinachozamisha chakula ni joto. Kusi likivuma bahari inachafuka, maji baridi yenye rutuba yanachanganyika na ya juu, na dagaa wanapata malisho. Wakati wa kaskazi maji ya moto yanatanda juu kama kifuniko. Sasa kuna miaka ambayo upande wa Indonesia bahari inapoa na huku kwetu inapata joto kupita kiasi, kifuniko kinazidi unene. Ilikuwa hivyo 1997 na tena 2019, miaka ya vuli zilizoleta mafuriko Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa 1998 hata meli kubwa za nyavu za jodari zilihamia mashariki ya Bahari ya Hindi.

Meli inahama. Ndege mwenye kinda lazima arudi funguni. Chakula kikiwa mbali anarudi mara chache, kinda linadumaa, na njaa ikizidi wazazi wanaliacha. Buabua yule hutaga yai moja tu, ndiyo maana naumia nikiona wenzetu wanashuka kuokota mayai mwaka ambao bahari yenyewe imeshawabana. Tafadhalini, tuyaache.

Kwa safari yenu ijayo: ndege wakipita wamenyooka bila kuzunguka, wako njiani tu, msichome mafuta kuwafuata. Wakizunguka na kushuka shuka, samaki wako juu, burutani mshipi hapo. Na kama maji ni ya moto na hakuna wanaozunguka, teremsheni mshipi chini zaidi.