Kabla ya kununua amplifaya, zijue spika zako

Kuhusu muziki wa nyumbani, hakuna ninachoulizwa kama wati. "Kaka, nichukue ya 50 au ya 100?" Huwa sijibu mpaka nijue spika zenyewe ni zipi, chumba kina ukubwa gani na msikilizaji anakaa wapi. Wengine huona nawazungusha tu. Lakini amplifaya peke yake haina maana. Ipo ili isukume spika fulani ndani ya chumba fulani, na huwezi kujua inayokutosha kabla hujajua inasukuma nini.

Shika karatasi ya spika, au geuza uangalie nyuma yake. Kuna namba mbili za kutafuta. Ya kwanza ni usikivu, ambao huandikwa kwa desibeli: ni sauti inayotoka ukiilisha spika wati 1 na kuipima ukiwa umbali wa mita 1. Spika nyingi za nyumbani ziko kati ya 84 na 90. Ya pili ni ukinzani, unaopimwa kwa omu, na kwa kawaida utakuta 4, 6 au 8.

Tuanze na usikivu. Chukua spika mbili za desibeli 87 na mtu aliyekaa mita 3 kutoka kwazo. Sauti hupungua kadiri unavyosogea mbali, ila spika ziko mbili, na kuta nazo hurudisha kiasi. Kwa wati 1 kila upande, pale alipokaa atapata kama desibeli 80 hivi. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Maana yake, wati moja tu tayari inamlazimisha mwenye nyumba kupaza sauti akitaka kuongea na mgeni! Sasa muziki haukai kiwango kimoja. Ngoma ikipigwa au tarumbeta zikiingia, sauti inaweza kuruka desibeli 20 juu ya wastani kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kila desibeli 10 zinadai umeme mara 10, kwa hiyo 20 zinadai mara 100. Msikilizaji anayependa wastani wa desibeli 75, sauti ya kushiba kabisa kwa sebule, hutumia takriban theluthi ya wati muda mwingi, na vilele vikija anahitaji wati 30 hivi. Basi. Hapo ndipo mahitaji ya watu wengi yanapoishia.

Turudi kwa yule wa 50 au 100. Kuongeza wati mara mbili huleta desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua lakini si ya kumfanya mtu ashtuke. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani utoke wati 50 uende 500. Wakati huohuo, ukiacha spika ya desibeli 84 ukachukua ya 90, umepata desibeli 6, sawa na kuongeza nguvu ya amplifaya mara nne, na hujagusa amplifaya. NAD 3020, iliyotoka mwaka 1978 na ambayo bado watu wanaitafuta, iliandikwa wati 20 tu kwa kila chaneli, yaani kila upande. Umaarufu wake haukutoka kwenye namba hiyo. Ulitokana na uwezo wa kutoa mkondo mwingi kwa muda mfupi pale spika ilipoudai.

Na mkondo ndio unaotupeleka kwenye omu. Spika ya omu 4 hunyonya mkondo mara mbili ya ile ya omu 8 kwa volti zilezile. Tena namba iliyoandikwa ni ya jumla tu. Ukinzani wa spika hupanda na kushuka kulingana na sauti inayopita, na spika iliyoandikwa 6 inaweza kushuka hadi 3 na ushee kwenye besi. Amplifaya dhaifu hapo huchemka, hujizima, au huanza kutoa sauti iliyokauka. Kwa hiyo napenda kuona mtengenezaji ameandika nguvu ya amplifaya kwa omu 8 na kwa omu 4 pia. Ikisoma wati 50 kwa 8 na 80 au 90 kwa 4, ugavi wake wa umeme una misuli. Ikitaja omu 8 peke yake na kunyamaza, usiifungie spika za omu 4. Na wale wanaopenda kuongeza spika za jikoni na za barazani kwenye tundu zilezile, kumbukeni kwamba spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba amplifaya inaziona kama omu 4. Ukiongeza mbili nyingine hapohapo umefika 2. Amplifaya nyingi za nyumbani hazikuundwa kwa mzigo huo.

Namba za wati zenyewe nazo zina hila nyingi. Nchini Marekani hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1974 serikali iliweka kanuni ya namna ya kutangaza nguvu ya amplifaya za nyumbani. Ukikutana na herufi PMPO kwenye boksi, ipuuze namba inayofuata. Ni namba ya matangazo. Tafuta wati za mfululizo, chaneli zote mbili zikifanya kazi pamoja, kuanzia hezi 20 (besi ya chini kabisa) hadi 20,000 (sauti ya juu kabisa), kwa mkwaruzo, yaani uharibifu wa sauti, usiozidi asilimia 1. Kuna wanaopima kwa mkwaruzo wa asilimia 10, kiwango ambacho sauti imeshapasuka na hakuna mtu angekaa kuisikiliza.

Kuna njia ya haraka ya kumkamata muongo, na naitumia sana kwa hizi amplifaya ndogo zinazouzwa mtandaoni. Angalia adapta yake. Ikiwa imeandikwa volti 24 na ampea 5, zidisha: wati 120. Hizo ndizo zote zinazoingia. Haiwezekani zitoke 300 kila upande, hata muuzaji aape. Ukiondoa zinazopotea kama joto, kila chaneli itakuwa na chini ya 60, na kusema kweli hizo ni nyingi tu. Shemeji yangu anatumia moja ya namna hiyo, inaenea kiganjani, na sebule yake inamtosha. Mimi sina ugomvi na kifaa. Nina ugomvi na kilichoandikwa juu ya boksi.

Vifaa hivyo vidogo ni vya daraja D, ambalo huwasha na kuzima transista kwa kasi kubwa na hivyo kupoteza umeme kidogo sana. Ufanisi wake hupita asilimia 80 kwa urahisi. Zamani daraja hili lilikuwa na sifa mbaya kwa sauti za juu. Siku hizi zilizoundwa vizuri ziko safi na sioni sababu ya kuzikwepa. Daraja AB ndilo la amplifaya nyingi nzito zenye transfoma kubwa na mabamba ya kupozea. Daraja A huunguza umeme hata muziki ukiwa umenyamaza, na katika nyumba yenye joto utaijutia. Za valvu, ile mirija ya kioo inayowaka, ni raha ya aina yake, zinapendeza kwa macho, lakini nyingi hubadilisha kidogo uwiano wa sauti kulingana na ukinzani wa spika, hivyo spika moja itasikika tofauti na ulivyoizoea. Kama ndicho unachotaka, sawa.

Je, amplifaya mbili nzuri zina tofauti ya sauti? Hapa ndipo marafiki hununiana. Msimamo wangu: zikiwa hazijalemewa, zikiwa na mkwaruzo mdogo, na zikiwa zimewekwa kiwango kilekile cha sauti, tofauti ni ndogo mno au haipo. Neno zito hapo ni kiwango kilekile. Sikio likipewa sauti iliyozidi kwa desibeli moja tu halisemi "hii ni kubwa zaidi", linasema "hii ina uhai." Wauzaji wanalijua hilo. Ukitaka kulinganisha kwa haki, cheza toni moja ya chini, kwa mfano ya hezi 100, pima volti za mkondo geu (AC) kwenye vituo vya spika kwa mita ya kawaida ya fundi, na rekebisha mpaka amplifaya zote mbili zisome sawa. Kisha mwambie mtu mwingine azibadilishe wewe ukiwa huoni ipi inacheza. Nimefanya hivyo na watu waliokuwa na uhakika kabisa, na mara nyingi mazungumzo baada ya hapo huwa mafupi.

Spika ni habari nyingine. Floyd Toole, aliyefanya utafiti Kanada na baadaye katika kampuni ya Harman, alitumia miaka mingi kuwasikilizisha watu spika zilizofichwa nyuma ya pazia. Wasikilizaji wake, wa kawaida kwa wabobezi, walielekea kupenda aina ileile: spika yenye mwitikio ulionyooka mbele, yaani haizidishi wala kupunguza besi, sauti za kati au za juu, na ambayo sauti yake ya pembeni inashuka taratibu bila kuruka. Tofauti kati ya spika na spika utaisikia ukiwa chumba cha pili. Ndiyo maana nashauri fungu kubwa la pesa liende kwenye spika, zaidi ya nusu kwa mbali, na amplifaya ipewe kinachobaki mradi itimize yale ya wati na omu.

Halafu chumba, ambacho hakuna anayekihesabu. Chumba chenye urefu wa mita 4 hujaza besi ya hezi 43 hivi, kwa sababu nusu ya wimbi lake inatoshea kati ya kuta mbili. Noti hiyo itavuma katika kona na ukutani, na katikati ya chumba itatoweka. Mtu akilalamika kwamba besi "haieleweki," kabla ya kununua chochote sogeza kiti nusu mita. Sogeza spika mbali na kona. Ziweke ili wewe na spika mbili mfanye pembetatu yenye pande zinazokaribiana, twita, zile spika ndogo za sauti za juu, zikiwa usawa wa masikio. Zulia na mapazia mazito hupunguza mng'ao wa sauti za juu lakini besi haziigusi, usije ukadanganywa. Kama baada ya hapo bado unataka besi ya chini, sabufa yenye amplifaya yake ndani itakusaidia kuliko kubadilisha amplifaya kuu, na kwa hiyo hakikisha unayonunua ina tundu la kuitolea sabufa.

Matundu mengine nitayapitia haraka. Kama televisheni iko chumba hichohicho, tundu la HDMI ARC, linalopokea sauti ya televisheni, litakuondolea rimoti moja mezani. Muziki wa simu kwa Bluetooth unatosha kwa kusikiliza huku unafanya kazi nyingine. Diski za CD, ambazo tangu 1982 zina biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde, bado zinashinda uwezo wa vyumba vyetu vingi. Kigeuzi cha dijitali cha bei ya kawaida huzisoma vizuri na sioni faida ya kukesha juu yake. Santuri ndizo zinazohitaji uangalifu. Sindano ya kawaida hutoa milivolti chache tu, wakati kicheza CD hutoa kama volti 2, na tena besi ya santuri hupunguzwa wakati wa kuchongwa, lazima irudishwe wakati wa kucheza. Ukiichomeka kwenye tundu la kawaida utasikia sauti nyembamba ya mbali. Tafuta tundu lililoandikwa PHONO, au nunua kikuzaji chake cha pembeni.

Kwa anayenunua kilichotumika, na mimi vingi nilivyonavyo ni vya mtumba, nenda na mita. Washa amplifaya ya transista (si ya valvu) bila spika, acha dakika chache, kisha pima volti za mkondo mnyoofu (DC) kwenye vituo vya spika. Ziwe karibu na sifuri. Zikipita milivolti 50, mwachie mwenyewe au punguza bei kwa hesabu ya fundi. Zungusha kitasa cha sauti: kikikwaruza kidogo ni vumbi, linasafishika. Upande mmoja ukikatika na kurudi, tatizo ni kubwa zaidi. Kwa spika, bonyeza taratibu ukingo unaozunguka koni. Wa sponji huoza na umri na kumeguka kama mkate mkavu. Wa mpira hudumu.

Tahadhari moja kuhusu sauti kubwa: spika huungua pia kwa amplifaya ndogo. Ikilazimishwa kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi hukatwa, nguvu ya ziada huenda juu, na twita ndiyo inayolipa. Ukisikia mkwaruzo, shusha. Kitasa kikiwa katikati si kwamba umetumia nusu ya nguvu. Kwa chanzo chenye sauti ya juu unaweza kuwa umeshazimaliza.

Waya: shaba, milimita za mraba 2.5, basi. Kwa mita 5 kwenda na 5 kurudi ukinzani wake ni kama omu 0.07, ambao mbele ya spika ya omu 8 hauonekani. Soma lebo, maana nyingi zinazong'aa kwa nje ni alumini iliyopakwa shaba. Unapofunga, nyekundu iende kwenye nyekundu pande zote mbili. Ukikosea upande mmoja muziki utacheza kama kawaida, ila besi itakuwa imekimbia na mwimbaji hataonekana amesimama wapi. Geuza waya za spika moja, usikilize tena wimbo uleule.